Miaka Mitatu Bila Kumwandika Mkia-Buluu

Msinicheke nikijiita mstaafu. Nina miaka thelathini na sita, lakini goti langu la kulia limezeeka kuliko mimi, na mwezi uliopita nilirudisha neti, gamubuti na ubao wa kuandikia, nikaaga kazi ya kuhesabu kereng'ende niliyoifanya tangu nilipotoka chuo kikuu. Siku hizi nauza nyaya na balbu na dada yangu pale Eastleigh, kazi ya kukaa kwenye kiti. Nimesikia ofisi imewaajiri nyinyi wanne mchukue nafasi zetu, na kwamba mmoja wenu ameshauliza swali nililouliza mimi katika wiki yangu ya kwanza: kwa nini tunapoteza muda kumhesabu mkia-buluu, mdudu ambaye yuko kila mahali?

Swali hilo ndilo limenifanya niandike. Nitalifikia polepole, maana mtu akishaacha kazi hakuna wa kumharakisha.

Kwanza, tuelewane tunazungumza kuhusu nani. Si kereng'ende wale wanene wanaopita juu ya maji kama wenye haraka ya kwenda mjini. Mkia-buluu ni wa ukoo wa wale wembamba wanaokunja mabawa mgongoni wakitua. Watoto wa Kayole waliwaita sindano, na kusema kweli jina lao ni zuri kuliko letu. Dume ana mwili mweusi, na karibu na ncha ya mkia ana pingili moja ya buluu inayowaka kama taa ya simu iliyo kwenye chaji. Anapatikana karibu Afrika nzima, akavuka Arabuni na India hadi Japani. Kwenye orodha ya dunia ya viumbe walio hatarini ameandikwa kwamba hana tishio. Maji machafu hayamsumbui sana. Nimemwona kwenye mtaro nyuma ya magorofa ya Pipeline, amekaa juu ya jani moja la nyasi lililotokeza katikati ya povu la sabuni, ametulia kabisa.

Aliyenifundisha kazi ni Mzee Njoroge. Hakuwa amepita kidato cha pili, na alikuwa amehesabu wadudu wa mito na mabwawa ya Eastlands kabla sijazaliwa. Alivaa kofia ya kitambaa iliyokuwa ya kijani zamani. Siku nilipofika na cheti changu ndani ya bahasha alinipa jina la Digrii, na hadi leo hajawahi kuniita Nafula. Sikuudhika. Nilikuwa mtu wa kubishana na kila kitu: saa ya kuanza, urefu wa fimbo ya neti, hata njia ya kupita kando ya mto. Yeye alinisikiliza hadi mwisho, kisha akafanya alivyozoea kufanya.

Niwaambie kosa langu la kwanza, maana najua mtalifanya. Katika mwezi wangu wa pili niliona kereng'ende mwembamba wa rangi ya chungwa, rangi safi kama ganda la chungwa lenyewe. Kitabu nilichokuwa nacho kilikuwa na picha za madume tu. Nikaandika spishi isiyojulikana. Wiki iliyofuata nikawaona tena, wengi, nikawachora. Ndani ya kichwa changu nilikuwa nimeshaanza kutafuta jina la kuwapa, na katika majina hayo langu lilikuwamo. Mzee Njoroge aliniona nikichora kwa karibu mwezi mzima, akaniacha niendelee. Kisha akamkamata mmoja, akamtia ndani ya ndoo iliyofunikwa chandarua, akaenda naye kwake na kumlisha vijidudu vya ndizi mbivu. Baada ya siku kadhaa alinijia kazini na ndoo ile. Ndani yake kulikuwa na mdudu wa kijani iliyochanganyika na kahawia, hana hata alama ya chungwa.

"Digrii," akasema, "spishi yako mpya imezeeka."

Alikuwa jike wa mkia-buluu. Majike wachanga huwa na rangi ya chungwa, kisha hugeuka. Na kama hilo halijatosha kuwachanganya, wako majike wengine wanaofanana na madume kabisa, buluu ya mkiani na yote. Mkitaka kuwa na uhakika, mshikeni kwa mabawa yote manne pamoja, katikati ya kidole cha shahada na cha kati, mtazame tumbo lake upande wa chini. Msimshike kwa miguu. Atawaachia mguu aende zake, nanyi mtabaki na mguu na aibu.

Nayakumbuka mambo mengi ya namna hiyo, na mengine nashangaa kwamba mikono yangu bado inayafanya peke yake hapa dukani. Nikivuka barabara bado naweka jua mgongoni. Kule bwawani ilikuwa lazima, lakini si mgongoni kabisa, maana kivuli chako kikitangulia juu ya maji wote wanaondoka kabla hujafika. Anzeni saa tatu na nusu, mwache saa sita. Msiangalie juu, mkia-buluu huruka chini ya goti, katikati ya matete. Neti haipigwi kama unaua mbu. Unamfuata kutoka nyuma, unaizungusha, unageuza mkono ili mdomo wa neti ujifunge. Na andikeni kwa penseli. Nyinyi mna simu, sawa, lakini simu ikizama mtanikumbuka.

Watu pia lazima mjifunze kuishi nao. Ukitembea kando ya mto na neti, kila mtu ana maoni yake. Vijana wa kuosha magari waliniuliza, "Niaje madam, hizo mnazikaanga ama mnazichemsha?" Wengine waliamini tumetumwa kupima ardhi ya watu ili ichukuliwe, na kwamba neti ilikuwa ya kuficha tu. Mzee Njoroge hakujitetea. Aliwapa neti wajaribu wenyewe. Baada ya dakika kumi za kukosa, walikuwa wamesahau ardhi na wameanza kubishana ni nani kati yao aliye mwepesi.

Mahali nilipopapenda kuliko pote ni machimbo ya mawe ya zamani upande wa Njiru. Wachimbaji waliondoka, mvua ikajaza shimo, na baada ya miaka likawa bwawa. Upande wa mashariki, ambako ukingo uliteremka taratibu, matete yaliota, na nyuma ya matete Mama Awino alikuwa na kitalu chake cha miche: mboga za sukuma na managu, mipapai, maua ya kupanda kwenye makopo. Alikuwa mjane aliyetoka Siaya akiwa msichana na kusomesha watoto wote watatu kwa maji ya shimo lile, ndoo moja baada ya nyingine. Tulipofika alitutengea mawe mawili ya kukalia na kutuletea chai ndani ya kopo la jemu. Aliwajua sindano vizuri kuliko mimi. Alisema wakiwa wengi kwenye matete, mbu hupungua, na aliwafukuza watoto waliowarushia mawe.

Pale hapakuwa na spishi adimu hata moja. Kila mara alikuwa mkia-buluu, tena wengi, na kwa nadra sana kereng'ende mmoja mnene mwekundu, mpita njia ambaye hakukaa. Mzee Njoroge alitembea ukingo wote, hatua kwa hatua, akihesabu kwa sauti ya chini, akaandika. Mwezi uliofuata akarudi, akahesabu wale wale, akaandika tena.

Sasa tumefika kwenye swali lenu.

Nilimuuliza kwa nini. Nilimwambia kuwa mdudu huyu yuko kutoka hapa hadi Japani, kwamba dunia nzima imekubali hana tishio, kwamba tunatumia nusu ya asubuhi kuthibitisha jambo ambalo kila mtu analijua, wakati kuna vijito kule juu ambako spishi adimu zinatoweka bila mtu wa kuzihesabu. Hoja yangu ilikuwa nzuri. Hata leo nikiitazama naona ilikuwa nzuri. Yeye akanijibu kwamba kama yuko, unaandika yuko. Nikamwambia hiyo si sababu. Akasema huenda si sababu, lakini ndiyo kazi.

Sikuridhika. Nikaiandikia ofisi barua ya kurasa mbili. Nilieleza saa zinazopotea, nikapendekeza mstari wa mkia-buluu uondolewe kwenye fomu, na nikaandika sentensi ninayoikumbuka neno kwa neno kwa sababu baadaye nilisomewa mbele za watu: kumwandika mdudu huyu hakutuongezei chochote tusichokijua. Ofisi ilikuwa imechoka na mimi, au labda ilishawishika. Fomu mpya zilipochapishwa, mstari haukuwamo. Mwaka huo huo Mzee Njoroge alistaafu. Alipokuwa akinikabidhi neti yake alitazama fomu mpya kwa muda, akaikunja, akanirudishia.

Kwa miaka mitatu nilikwenda machimboni peke yangu. Nilikunywa chai ya Mama Awino. Niliwaona sindano wakitua kwenye gamubuti zangu. Kisha nikajaza tarehe, nikajaza hali ya hewa, jua, upepo mdogo, na mahali pa spishi nikapaacha wazi, kwa kuwa hapakuwa na spishi ya kuandika. Nilifurahia jinsi nilivyomaliza mapema.

Halafu mwenye ardhi akajitokeza. Alikuwa na karatasi zake, zilikuwa halali, na alitaka kulifukia shimo ajenge magorofa. Sikuwa na ugomvi na hilo. Watu wanahitaji nyumba, na mimi mwenyewe nimelelewa kwenye chumba cha gorofa ya saba. Lakini ripoti ya mazingira iliacha njia mbili. Kufukia lote, au kubakiza kipande cha mashariki chenye matete, kama ingeonekana kuwa maji yale yana uhai unaostahili kutunzwa. Kipande hicho kikibaki, kitalu cha Mama Awino kinabaki. Kikifukiwa, hana mahali. Kikao cha wananchi kikaitishwa kwenye ukumbi wa kanisa.

Siku mbili kabla ya kikao mtaalamu aliyeandika ripoti alikuja ofisini kuomba kumbukumbu zetu za bwawa lile. Alikuwa mtu mpole, na nawaambia hivyo kwa sababu mtapenda kumfanya mbaya wa hadithi. Nilimtolea fomu nikiwa na furaha, nikijua tuna miaka mingi ya kazi pale. Nikazipanga mezani mwenyewe. Za Mzee Njoroge zilijaa: mkia-buluu, mkia-buluu, mkia-buluu, namba baada ya namba kwa mwandiko wake wa kulala. Kisha zangu. Tarehe, jua, upepo mdogo, na nafasi tupu. Tarehe, mawingu, nafasi tupu. Niliziona kwa macho ya mtu asiyenijua. Zilisema wazi kwamba bwawa lilikuwa na uhai zamani, kisha likafa, na kwamba kuna mtaalamu mwenye digrii aliyekwenda mwezi baada ya mwezi na hakuona hata mdudu mmoja.

Alichukua nakala, akashukuru. Fomu zenyewe zilibaki kwangu.

Asubuhi iliyofuata nilikwenda kumwambia Mama Awino kabla hajasikia kwa wengine. Alikuwa anamwagilia miche. Ilikuwa asubuhi ya baridi na mawingu mazito, na hakuna sindano hata mmoja aliyeruka wa kuhesabiwa au kupigwa picha. Nilimweleza yote, polepole, na nilipomaliza aliweka ndoo chini.

"Kwani hukuwaona?"

"Niliwaona, Mama. Kila siku niliyokuja."

"Basi jaza. Penseli si unayo?"

Nilikuwa nayo, na fomu zilikuwa ndani ya mkoba. Nilikalia jiwe langu, nikaitoa ya kwanza, nikajaribu kukumbuka. Mwezi wa tatu, jua. Walikuwa wangapi? Hamsini? Mia? Nilijua walikuwapo kama ninavyojua jina langu, lakini namba sikuwa nayo hata moja. Kila ambayo ningeandika ningekuwa naitunga, na nilikuwa nimetumia miaka yangu yote ya kazi nikiwakemea wengine kwa namba za kutunga. Nikamwambia siwezi. Nikamwambia nitasimama kikaoni niseme ukweli, kwamba niliwaona ila sikuandika, na watanielewa. Nikampigia simu Mzee Njoroge pia, naye akasema atakuja.

Mama Awino hakunigombeza. Aliniuliza tu kama hao watu wa kikao huwa wanaelewa. Kisha akaokota ndoo yake.

Kikaoni watu walikuwa wengi, na wengi wao walikuja kuuliza kuhusu kazi za ujenzi. Mtaalamu alieleza bila kelele. Alionyesha miaka ya Mzee Njoroge, akaonyesha yangu. Mzee Njoroge akapewa nafasi. Alivua kofia, akasema kwamba katika miaka yake wadudu walikuwapo, aliwahesabu mwenyewe kwa miguu yake, na kila namba iliyoandikwa pale yuko tayari kuisimamia.

"Na hii miaka mitatu ya mwisho?" mwenyekiti akauliza.

Mzee alinitazama. Nafikiri alikuwa akitafuta njia ya kunisaidia na hakuiona. "Hiyo muulizeni Digrii," akasema. "Ni yake."

Nikasimama. Nikaeleza kuhusu mstari ulioondolewa kwenye fomu, na kwamba nafasi tupu hazikumaanisha bwawa tupu. Mtaalamu akaniuliza kwa heshima kama mstari huo uliondolewa na ofisi. Nikasema ndiyo, kwa ombi langu. Akauliza kama barua aliyopewa baadaye na ofisi ilikuwa yangu, akaisoma ile sentensi. Kumwandika mdudu huyu hakutuongezei chochote tusichokijua. Mtu mmoja nyuma akacheka, si kwa ubaya, alicheka tu. Mwenyekiti akaniuliza kama nina namba yoyote ya miaka hiyo mitatu, picha, chochote. Mama Awino alikuwa amekaa safu ya pili, amevaa leso yake ya kanisani, mikono juu ya mapaja. Nikasema sina.

Barua ya uamuzi ilitoka baada ya wiki chache. Lote lifukiwe.

Tulimsaidia kuhama, mimi na Mzee Njoroge na mkokoteni wa kukodi. Miche alipata kuipanga kando ya barabara, mbele ya duka la jirani, mahali pa kufukuzwa na askari wa kaunti siku yoyote, na maji anayanunua kwa mtungi. Mipapai aliyokuwa ameipanda ardhini ilikuwa mikubwa mno kuhamishwa. Njiani Mzee Njoroge alizungumza kuhusu bei ya viazi na kuhusu jino lake. Nilikuwa nasubiri aniambie kwamba alinionya. Tulifika, tukashusha, akaenda zake, hakuniambia.

Malori yalimwaga udongo kwa karibu mwezi. Yalipomaliza nilichukua neti na ubao, nikaenda. Ilikuwa saa tatu na nusu, jua safi, upepo mdogo, asubuhi ambayo zamani ungewaona kutoka mbali. Nilianza pale ambapo ukingo wa mashariki ulikuwa, jua mgongoni, nikatembea taratibu juu ya udongo mwekundu kama alivyonifundisha, nikitazama chini ya goti, hadi upande wa pili na kurudi. Kisha nikasimama nikajaza fomu. Tarehe. Jua. Upepo mdogo. Chini ya orodha, ambako hapakuwa na mstari wake, nikachora mstari, nikaandika jina la mkia-buluu kwa mkono, na mbele yake nikaandika sifuri.

Mama Awino alikuwa amekuja kutafuta jembe alilolisahau. Alinikaribia akauliza nimepata nini cha kuandika mahali kama pale. Nikamgeuzia ubao. Hakuwa mtu wa kusoma sana, lakini sifuri aliijua. Aliitazama, kisha akanitazama mimi.

"Hiyo umeandika," akasema.

Akaenda kutafuta jembe lake.